Pawabenki Isiyopenda Sauti ya Chini

Mjomba wangu wa Muheza ni mtu wa nyimbo za Mbaraka Mwinshehe, na ni mtu wa sauti ya chini. Mapenzi hayo mawili yaliishi kwa amani miaka mingi, kwanza kwenye redio kubwa ya betri nne, kisha kwenye kiredio cha memori kadi kinachoingia mfukoni mwa kanzu. Kisha betri ya kiredio ikavimba. Ilikuwa betri bapa, umbo lile lile la betri za simu za kitochi, na ilivimba hadi mfuniko wa nyuma ukakataa kurudi. Kiredio chenyewe, tofauti na ndugu zake wengi, kilikubali kuimba bila betri, mradi kipate umeme kwa waya. Umeme wa mtaani kwao nao una ratiba ambayo haambiwi mtu.

Nikaagizwa pawabenki. Niliipata Mtaa wa Aggrey, Kariakoo: nyeusi, nzito, imeandikwa 20,000 ubavuni. Kijana wa dukani akaniapia kwamba itaendesha kiredio mpaka mzee achoke mwenyewe.

Mjomba alikuwa mtunza ghala wa shamba la mkonge, na mtu aliyehesabu marobota maisha yake yote hapokei mzigo bila kuukagua. Akavaa miwani, akasoma hadi maandishi yale madogo ya chini ambayo hayakuandikwa ili yasomwe. Ikabidi nieleze. Zile miliampea-saa 20,000 zimepimwa kwa volti 3.7 za seli za lithiamu zilizomo ndani, ilhali tundu la USB linatoa volti 5. Umeme ukipandishwa, hesabu inashuka hadi 14,800, na hapo bado hujatoa unaopotea njiani kwa kugeuka joto. Mjomba akatoa kalamu, akapiga hesabu nyuma ya bahasha.

"Elfu tano na mia mbili zimepotea kabla mzigo haujatoka ghalani," akasema. "Enzi zetu, mpwa wangu, hapo mtu alikuwa anaandika barua ya kujieleza."

Usiku tukaunganisha. Gitaa likaingia, Mjomba akafumba macho, akapunguza sauti kama ilivyo desturi yake. Haikupita dakika, kimya. Vitaa vya pawabenki vimezimika. Nikabonyeza kitufe, vikawaka, Mbaraka akarudi, akakatika tena pale pale alipokuwa anavuta pumzi aimbe. Tukaendelea hivyo, mimi kidole kwenye kitufe, yeye macho darini, mpaka aliposema kwa upole kwamba kijana aliyesoma asikeshe akibonyeza.

Chanzo ni kwamba mashine hizi zimeundwa kwa ajili ya simu. Simu ikichomekwa hunywa ampea nzima au zaidi. Ikishiba huacha, na pawabenki ikiona hakuna anayekunywa hujizima ili akiba isipotee. Nyingi hukata pale matumizi yanaposhuka chini ya miliampea 50 hadi 100 hivi. Kiredio kwa sauti ya chini hakinywi, kinalamba. Ukikipandisha sauti, spika inadai umeme zaidi na pawabenki inabaki macho. Yaani tulikuwa na kifaa kinachoruhusu muziki kwa sharti kwamba mtaa mzima usikie. Tulijaribu sharti hilo. Mkazamjomba akauliza kutoka chumbani ni harusi ya nani, na mbona yeye hakualikwa.

Mbaraka alifariki Mombasa Januari 1979. Julai ya mwaka huo huo Sony wakatoa Walkman kule Japani, ikitumia betri mbili ndogo tu. Nasema bila aibu kwamba betri zile zilikuwa na heshima. Zilitoa umeme mpaka zikaisha, na hakuna hata moja iliyomtaka msikilizaji athibitishe kuwa bado yupo. Siku tulipozipa betri akili, ndipo zilipoanza kutudharau.

Mkazamjomba alikuwa na maelezo yake: pawabenki imechoka. Asubuhi nikaikuta kwenye ungo juu ya banda la kuku, imeanikwa pamoja na dagaa. Hakuwa mjinga. Betri za redio za zamani ukizianika juani zilipata nguvu ya nyimbo mbili tatu, kwa sababu joto huchangamsha kemia ya zinki na kaboni. Lithiamu ndiyo haitaki. Jua kali huiharibu. Nikaiokoa mapema, ila mpaka leo ikipata moto kidogo inanukia mboga.

Fundi wa sokoni akatoa dawa: tundu la pili lipewe kazi. Tukachomeka kitaa cha USB, pawabenki ikaona ina mgeni wa maana, na Mbaraka akaimba kwa sauti ya chini bila kukatika. Tatizo likawa dirisha. Mtaa mzima giza, nyumba moja inawaka dirishani kama duka na muziki unatoka polepole. Mtu wa kwanza akabisha hodi akitaka sukari robo. Wa pili alitaka vocha. Wa tatu hakutaka kununua kitu, aliomba tu kuchaji simu.

Hapo Mjomba akasisimka. Kitaa kikazimwa, simu za majirani zikashika nafasi yake. Akafungua daftari: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Baada ya muda mfupi akapiga marufuku simu za kitochi, kwa kuwa zinashiba upesi na pawabenki inalala. Simu kubwa anazipokea moja moja, maana mbili kwa pamoja zinamaliza ghala kabla ya saa sita usiku.

Jioni moja nikiwa pale alikuja kijana wa nyumba ya pili, amenyoosha simu kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mzee. Naomba kuchaji."

"Marahaba. Imebaki asilimia ngapi?"

"Sitini."

Mjomba akafunga daftari. "Nenda kaangalie video zako kwanza, mwanangu, urudi ikifika kumi. Hiyo itashiba Mbaraka akiwa bado anapasha gitaa."