Ugatuzi Haujafika Kwenye Probox

Wakenya tulipiga kura mwaka 2010 tukakubaliana kwamba mamlaka yasirundikwe mahali pamoja. Mwaka 2013 kaunti 47 zikaanza kazi, Kitui na Makueni zikiwemo, na Makueni ikasifiwa hadi wageni wakawa wanafunga safari kuja Wote kujifunza ugatuzi. Wangepanda Probox ya mpwa wangu wangerudi kwao na somo jingine. Humo mamlaka yote juu ya hewa yamekusanywa mahali pamoja, na mahali penyewe pamekaliwa.

Probox ilitoka kiwandani mara ya kwanza mwaka 2002, gari la kazi la Wajapani, la kubebea vipuri, makaratasi na karani wa kampuni. Zile za bei ya chini zilikuja na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Abiria akiona joto, anazungusha. Vumbi likija, anazungusha kinyume. Hakuna fyuzi, hakuna waya, hakuna kuombana ruhusa. Kila mtu ni gavana wa dirisha lake.

Mpwa wangu akaona haya. Wenzake wa stejini Kibwezi wana vioo vya kubonyeza, na abiria wa siku hizi, anasema, hazungushi. Akapanda basi hadi Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, akarudi na mota, swichi na furushi la waya. Fundi wa waya hakumtaka. Fundi ana maswali mengi, na video ya simu haiulizi kitu. Akaing'oa milango ngozi chini ya mwembe, watoto wa jirani wakimshikia skrubu, na ile mikono ya kuzungushia akawaachia waichezee.

Ukimsikiliza, kazi yenyewe ni nyepesi: mota ni ya volti 12, umeme ukipita hivi kioo kinapanda, ukiugeuza kinashuka. Hayo simpingi. Nampinga kwenye waya. Aliokuja nao haukutosha, akaunganisha na ule uliobaki siku alipowekewa stima nyumbani. Waya wa gari ni nyuzi nyingi nyembamba, ndiyo maana hukunjika bila kukatika. Waya wa nyumba ni uzi mmoja mnene wa shaba, umetengenezwa ulale ukutani usisumbuliwe na mtu. Huku kwenye bawaba ya mlango anaukunja kila anaposhusha abiria, na kati ya Kibwezi na Kitui, kwa kupitia Ikutha na Mutomo, kuna abiria wa kushuka! Haukupita muda, mlango wa nyuma kushoto ukakata uhusiano na serikali kuu.

Halafu kuna vumbi. Lami tunayo kwenye njia kubwa, sikatai, lakini ndengu hazilimwi kando ya lami. Gari likikata kona kuingia ndani kufuata magunia, lile vumbi jekundu linajaa kwenye raba ambamo kioo hupita. Mkono wa binadamu ukikuta kioo kimekuwa kizito, unajua kuacha. Mota haijui. Inazidi kuvuta umeme, inapata moto, fyuzi inaungua. Dawa yake ni kusafisha raba na kupuliza silikoni. Mpwa wangu akapaka grisi. Grisi na vumbi la Ukambani vikikutana, unachopata ni udongo wa kufyatulia matofali. Fyuzi zilipomchosha, akaweka karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Sasa fyuzi haiungui tena. Kilichobaki cha kuungua ni gari, nasi tukiwa ndani.

Lakini yote hayo ningeyameza, isipokuwa swichi. Amezipanga zote nne katikati, kando ya handbreki, ili azifikie bila kuinama. Aliyewahi kupanda Probox ya Ukambani anajua kwamba hapo si mahali patupu. Hapo ni kiti, na kina nauli yake. Siku ya soko alikikalia mama mmoja wa heshima zake, kuku mapajani. Gari likiingia shimoni, mama anaegemea kushoto, kioo cha kushoto kinapanda. Likitoka, anaegemea kulia, cha kulia kinashuka. Kuku akipapatika, ni vurugu milango yote.

"Mwaitu, songa kidogo," dereva akamsihi.

"Nisonge niende wapi, mwanangu? Juu ya gia?"

Hakuna aliyemjibu, maana hapakuwa na jibu.

Mwathirika mkubwa nilikuwa mimi. Kabla hatujatoka Kibwezi nilikuwa nimemwita kijana wa machungwa, nikampa noti ya mia tano kupitia dirishani. Ndiyo kwanza anahesabu chenji, mama akageuka kumsalimia mtu, kioo changu kikaanza kupanda. Tukapiga kelele. Mama akadhani tunamharakisha, akakaa vizuri zaidi. Kioo kikakwama kikiwa kimebakisha upana wa vidole viwili. Kijana ni mwaminifu, Mungu ambariki: noti za chenji akazipenyeza zote. Machungwa hayapenyezwi. Gari likaondoka naye akikimbia pembeni na mfuko wangu, mimi nikimpungia mkono ndani ya kioo kilichofungwa, jasho likinitiririka hadi Ikutha.

Kitui mjini mpwa wangu akanyoosha mkono. Nauli, akasema, imepanda shilingi hamsini.

"Hamsini ya nini?"

"Ya dirisha, mjomba. Gari limeboreshwa."

Nikamwongezea ishirini na tano. Langu lilifunguka nusu.