Yah: Maombi ya Kuendelea Kuruka kwa Kompyuta Iliyokataliwa

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji,
Microsoft,
Redmond, Jimbo la Washington,
Marekani.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Naandika kwa niaba ya marubani wa vyumbani: watu wazima, wenye kazi zao na familia zao, ambao jioni hufunga mlango, huwasha kompyuta, kisha huipeleka Boeing 737 kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi bila abiria, bila mshahara na bila kumwambia mtu. Hakuna aliyenituma. Chama chetu hakina katiba wala mwenyekiti, na mkutano mkuu haujawahi kuitishwa kwa kuwa wajumbe wote huwa angani.

Tumepokea taarifa kwamba huduma kwa Windows 10 zilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kwamba kwa faida yetu wenyewe tuhamie Windows 11. Tunashukuru kwa kufikiriwa. Ila kwa kuwa faida tumeahidiwa mara nyingi, tumeona ni vyema kwanza tuikumbushe ofisi yako hesabu za nyuma zilivyosimama.

Kumbukumbu zenu zitaonyesha kwamba Flight Simulator ni kaka mkubwa wa Windows. Toleo la kwanza, lililotokana na kazi ya Bruce Artwick na kampuni ya subLOGIC, mliliuza mwezi Novemba 1982. Windows ya kwanza ilitoka Novemba 1985. Na huyo kaka hakuhitaji mfumo endeshi wa mtu. Ulikuwa unachomeka disketi, unawasha mashine, disketi inajiendesha yenyewe, na punde si punde umekaa kwenye njia ya kurukia ya Meigs, Chicago, ziwa likiwa ubavuni. Tena zama zile, kampuni zilizokuwa zikitengeneza kompyuta za kuiga IBM PC zilipimwa kwa simuleta hiyo. Mashine ikiirusha, mnunuzi anatoa pochi. Ikigoma, anakwenda duka la jirani. Ndege ndiyo iliyokuwa ikiihoji kompyuta. Nalitaja hili kwa heshima zote, maana siku hizi wanaohojiwa ni sisi.

Faida ya kukumbukwa kuliko zote ni ile ya Windows Vista. Oktoba 2006 mlitupatia Flight Simulator X (FSX), nzito ajabu, kiasi kwamba mtu aliyekuwa na kompyuta ya kujivunia alikuwa akifika juu ya mji mkubwa, ndege inaanza kusitasita. Tukaambiwa tuvute subira: Januari 2007 Vista inaingia madukani, nayo inakuja na DirectX 10, teknolojia ya kuchora picha ambayo mtu wa Windows XP hataipata hata akilia. Picha zikasambazwa za kulinganisha. Upande huu maji ya DirectX 9, bapa, rangi moja. Upande ule maji ya DirectX 10, yana mawimbi, yana kina, jua linacheza juu yake. Wako watu walionunua mfumo endeshi mzima kwa ajili ya maji yale. Baadaye ikafafanuliwa kwamba picha zile zilikuwa michoro ya msanii, akionyesha mambo yanavyoweza kuja kuwa. Hatukushangaa sana; hata kwetu ramani za miji mipya huchorwa zikiwa na miti mikubwa na watu wanaotembea na mbwa.

Mwishoni mwa 2007 DirectX 10 ilifika kwenye FSX kweli, kwa umbo la kisanduku kimoja cha kuweka tiki, kikiwa na maelezo kwamba ni onyesho la awali. Ukikiweka tiki, ndege ulizonunua kwa wauzaji wengine zinaweza kupoteza rangi, na taa za uwanja zikakuchezea. Januari 2009 mkaifunga studio ya ACES, iliyokuwa ikitengeneza simuleta hiyo. Onyesho la awali likabaki la awali, na sasa limefikisha umri wa kupiga kura.

Ni Vista hiyohiyo iliyoacha kulitambua tundu la pini 15 ambalo kwa miaka mingi tulichomekea fimbo za kuongozea ndege. Fimbo zilikuwa nzima kabisa. Zikageuka mapambo.

Haki lazima isemwe, hata kwenye barua ya malalamiko. Ipo faida moja ya kuhama ambayo marubani wa vyumbani waliiona kwa macho, nayo ni kutoka biti 32 kwenda biti 64. FSX yenyewe ni programu ya biti 32. Ndani ya Windows ya biti 32 ilikuwa ikigawiwa gigabaiti 2 za kumbukumbu. Ndani ya Windows ya biti 64 ikaweza kufika gigabaiti 4. Asiyerusha ndege ataona ni tarakimu tu. Anayerusha anajua maana yake: umetoka Ulaya usiku, umevuka Sahara, kumbukumbu inajaa kidogo kidogo kila unapopita juu ya nchi nyingine, na unapofika ulikokuwa ukienda, magurudumu yako chini, njia ya kutua iko mbele ya pua, skrini inakuambia kumbukumbu imekwisha na programu inajifunga. Abiria wote hewa, lakini uchungu ni wa kweli. Waliohamia biti 64 walipunguziwa msiba huo. Haukuisha kabisa hadi simuleta zenyewe zilipoandikwa upya kwa biti 64, kama ilivyofanya mwaka 2017 Prepar3D ya Lockheed Martin, waliojenga juu ya msimbo mliowapa kwa leseni. Cha ajabu, faida hii hamkuichorea picha hata moja.

Nije kwenye Windows 10, ambayo sasa tunaombwa tuiage. Ilipofika mwaka 2015 ilikataa ulinzi wa diski uitwao SafeDisc, kwa sababu draiva yake ilikuwa na tundu la kiusalama. Sababu nzuri. Lakini miongoni mwa diski zilizolindwa hivyo ni Flight Simulator 2004, mliyoitoa kuadhimisha miaka 100 ya safari ya kwanza ya ndugu Wright. Basi mtu mwenye diski halali ya Microsoft, akiitumbukiza katika Windows halali ya Microsoft, alirudishwa mlangoni. Mwenye nakala ya wizi, iliyokwisha kung'olewa kufuli, aliruka bila bugudha. Uwanja ule wa Meigs wenyewe ulichimbuliwa usiku mmoja wa Machi 2003 kwa amri ya Meya Daley wa Chicago, akituma matingatinga yakakwangue alama za X kwenye njia ya kurukia. Wanaoukumbuka wameutunza ndani ya simuleta za zamani, na nyinyi mkapita hukohuko na tingatinga la pili.

Windows 10 ilikuja pia na DirectX 12, na tukaambiwa tena kuhusu mambo mazuri. Simuleta mpya ikatua tarehe 18 Agosti 2020, dunia nzima ndani yake, Kilimanjaro na Kibo yake mahali pake. Ilikuwa inatumia DirectX 11. DirectX 12 iliongezwa Novemba 2021, kwa majaribio, kama mlivyotuzoesha. Wakati huo Windows 11 ilikuwa na wiki sita tangu kutoka, na tayari tulikuwa tunaitwa ng'ambo ya pili.

Hapo ndipo ilipo habari ya miwani. Desemba 2020 mliiongezea simuleta uwezo wa uhalisia pepe, na katika majaribio yake mlango ulifunguliwa kwanza kwa miwani ya Windows Mixed Reality, hasa Reverb G2 ambayo HP waliitengeneza kwa kushirikiana na Valve na nyinyi wenyewe. Marubani wa vyumbani waliipenda kwa sababu moja: ukiivaa unaweza kusoma namba za saa za dashibodi bila kuinama. Ilipofika Oktoba 2024 mkatoa toleo la 24H2 la Windows 11, na ndani yake Windows Mixed Reality imeondolewa. Si kwamba haisasishwi tena, imetolewa. Rubani mtiifu aliyefuata ushauri wenu hatua kwa hatua, akanunua miwani mliyoisifu, akahamia mfumo mliousifu, akakubali sasisho mlilolileta, alibaki na kofia ya plastiki yenye waya mrefu. Rubani mkaidi aliyekataa kila kitu bado alikuwa anaona saa zake vizuri. Flight Simulator 2024 ilizinduliwa wiki saba baadaye.

Na sasa prosesa, Ndugu Mkurugenzi, ambayo ndiyo kiini cha barua hii. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel, ukiacha wachache waliosamehewa, inadai prosesa ya kizazi cha 8 au zaidi. Tumeisoma orodha. Kisha tukasoma masharti ya chini ya simuleta zenu wenyewe. Ile ya 2020 inasema Core i5-4460 inatosha. Ile ya 2024 inasema Core i7-6800K inatosha. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyomo katika orodha ya Windows 11. Yaani idara moja ya ofisi yako imempima kijana, ikaona ana uwezo wa kubeba sayari nzima, mawingu, mawimbi, msongamano wa ndege na twiga wa mbugani. Idara ya ghorofa nyingine imemkataa kijana huyohuyo kwa kazi ya kuonyesha saa na kufungua folda.

Simsemi vibaya mwenye mashine mpya. Aliyenunua Intel ya kizazi cha 12 au baada yake, yenye kori kubwa na kori ndogo, ahame hata leo, kwa kuwa Windows 11 inajua kuzigawia kazi vizuri zaidi. Na anayelipia viwanja na ndege kwa kadi ya benki kwenye kompyuta hiyohiyo asikae bila masasisho ya usalama; hilo halina utani. Lakini sisi wengine, ambao simuleta imeielemea kori moja hadi inatoa jasho huku nyingine zikitazama, hatujaona fremu hata moja iliyoongezwa na vitufe vilivyosogezwa katikati ya skrini.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo. Idara ya simuleta na idara ya Windows zikutanishwe, hata kwa chai tu, zikubaliane kama i7-6800K ni prosesa au si prosesa. Kile kisanduku cha onyesho la awali kitangazwe rasmi kuwa kimestaafu, ili walionunua Vista waweze kuanua matanga. Na kuhusu mwaka mmoja wa nyongeza wa masasisho ya Windows 10, unaofika Oktoba 2026, ambao wakazi wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya wamepewa bure na sisi tukawekewa masharti au dola 30, tunaomba Kibaha, mji wetu wa Tanzania, ihesabiwe kuwa ndani ya Ulaya kwa kipindi hicho pekee. Tutairudisha ikiwa safi.

Tukikosa majibu hatutafanya maandamano; hatuwezi kuacha ndege hewani. Tutapakua Linux, kwa bando la usiku, na kuendelea na safari kwa simuleta ya X-Plane, ambayo haijawahi kutuuliza habari za TPM.

Wako mtiifu katika ujenzi wa anga,

Rubani wa Chumbani

Nakala:
Idara ya Windows, kwa utekelezaji.
Idara ya Flight Simulator, kwa taarifa (ghorofa nyingine).
Laminar Research, watengenezaji wa X-Plane, Columbia, South Carolina: andaeni viti.