Masanduku Mawili

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukubali chai. Mwenzangu wa kazini, mkazi wa Upanga, aliniambia nipite kwake Jumapili nichukue mafaili ya ukaguzi. Nikakaribishwa ndani, na maji yakiwa bado yanachemka jikoni, akaweka wimbo wa Mlimani Park, Sikinde wenyewe. Wimbo huo naujua kama njia ya kwetu. Nimeusikia kwenye redio ya marehemu baba, kwenye daladala, kwenye harusi zisizo na idadi. Lakini siku hiyo, kabla Hassan Bitchuka hajaanza kuimba, nilimsikia akivuta pumzi. Nikageuka kutazama nyuma ya kochi kuna nani.

"Umeisikia, eh?" mwenyeji wangu akasema, kwa sauti ya mganga aliyeona dawa imemwingia mgonjwa. Spika zake hazikuwa za dukani. Alizichongesha.

Niliondoka pale bila mafaili.

Kwangu Tabata tulikuwa na sabufa, ile yenye taa zinazobadilika rangi, na besi yake ni moja kwa kila kitu: ukiweka Sikinde inadunda, ukiweka kaswida inadunda, ukiweka taarifa ya habari msomaji anakuwa kama anasomea ndani ya pipa. Mke wangu anaipenda. Nilimsimulia habari ya ile pumzi, akanisikiliza hadi mwisho huku anachambua mchele.

"Kwa hiyo unataka kutumia hela ili usikie mtu akihema?"

Ningeishia hapo, leo ningekuwa na amani.

Ubaya wa spika za kuchongesha ni kwamba zinakuja na elimu, na elimu humpa mtu kiburi. Nilisoma usiku, nimejifunika shuka gubigubi na simu yangu. Nikajua kwamba spika hii tunayoizoea, yenye koili inayocheza kwenye sumaku na kusukuma koni, ilielezwa na Wamarekani wawili, Rice na Kellogg, mwaka 1925, na kwa asili yake bado ni ile ile. Nikajua kwamba sanduku si pambo: koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inavuta, na pasipo sanduku ile ya nyuma huizunguka ya mbele ikaifuta, besi ikafia njiani. Nikajua pia kwamba kila wufa ina ujazo wake wa sanduku, na hesabu za kuupata zinaitwa kwa majina ya Thiele na Small. Thiele alizichapisha huko Australia mwaka 1961. Mhasibu ukimpa fomula umemwonjesha asali. Nikakokotoa mpaka alfajiri: lita 45 kila upande, na tundu la hewa nyuma, karibu na sakafu, upana wa sentimita 7.

Wufa na twita zilitoka Norway, kwenye kiwanda cha SEAS, wanaotengeneza vitu hivyo tangu 1950. Binamu yangu anayeishi Oslo alizileta kwenye begi, kazizungushia masweta. Mama yake alipolifungua alidhani kaletewa vifuniko vya sufuria, na hadi leo hajanisamehe.

Masanduku nikayapeleka Keko, kwa seremala anayesifiwa kwa vitanda. Akauchukua mchoro wangu, akaugeuza, akaugeuza tena.

"Bosi, droo zinakaa wapi?"

"Hakuna droo."

"Mlango je?"

"Hakuna mlango. Linazibwa pande zote, hata hewa isipite, isipokuwa kwenye hili tundu la nyuma."

Akanitazama kwa huruma. "Sasa vitu vyako utakuwa unavitoaje?"

Habari ya lita ilimchekesha. Yeye anapima kwa futi, lita ni za mafuta ya kula. Lakini fundi ni fundi. Kabla hajapigilia ubao wa mwisho wa sanduku la kwanza, alichukua ndoo ya lita 20, akalijaza maranda: ndoo ya kwanza, ndoo ya pili, na robo. Akasawazisha juu kwa kipande cha ubao. Lita 45, hakuna kilichozidi wala kupungua. Nimekaa kwenye uhasibu miaka kumi na minane na sijaona ukaguzi safi kama ule.

Balaa likaja kwenye tundu la mbele. Nilimwambia ni wufa ya inchi 8, naye akatoboa inchi 8. Hakuna aliyetuambia kwamba inchi 8 ni jina tu, kama vile mtu anavyoitwa Mrefu. Tundu lazima liwe dogo kuliko hapo ili fremu ipate pa kukalia. Tulipoipachika, wufa ya Norway ilitumbukia ndani kama sambusa kwenye karai. Tukasikia kishindo huko chini. Seremala alikaa kimya kidogo, kisha akasema taratibu, "Mlango ungetufaa sasa hivi."

Mbao zikanunuliwa upya. Amplifaya ikapatikana Kariakoo, kuukuu lakini nzito, na uzito kwa amplifaya ni dalili njema. Nyumbani nilikuwa nimetaja laki nne na nusu. Nilipofunga hesabu, jumla ilikuwa shilingi 3,140,000. Sikusema uongo. Mhasibu hasemi uongo, anachelewesha taarifa. Shida ilikuwa risiti. Mtu mwingine angezichana. Mimi mkono unagoma. Nikazikusanya kwenye bahasha ya kaki, nikaandika jumla nyuma yake, nikaipigia mistari miwili chini kama inavyotakiwa, halafu nikaificha mahali ambapo mwanadamu hana sababu ya kupachungulia.

Masanduku yaliingia mtaani Alhamisi jioni, juu ya kirikuu, yamelazwa sambamba na kufunikwa shuka nyeupe yasichubuke. Ningetumia akili ningechukua shuka ya maua. Dereva alikuwa anakwenda polepole kwa sababu ya mashimo, taa kaziwasha. Jirani wa kwanza akavua kofia. Wa pili akamwita mkewe. Tulipofika getini walitokea vijana wanne, wakabeba bila kuombwa na bila kusema neno, na mama mmoja akanishika mkono.

"Pole, baba. Yote ni kazi ya Mungu."

Nikadhani anaongelea uzito. "Asante, mama," nikasema. "Yamenitesa sana, lakini leo angalau yanapumzika ndani."

Akaangua kilio.

Baada ya nusu saa mjumbe alikuwa uani na daftari la rambirambi, turubai limeshaazimwa, na mke wangu alikuwa anarudi mbio kutoka sokoni, kapigiwa simu kwamba kwake kuna msiba na hakuna aliyejua ni wa nani. Yaliyosemwa usiku ule ni ya ndani ya nyumba. Michango ilirudishwa yote kwa wenyewe, isipokuwa sarafu moja ya mia tano iliyokosa mwenyewe. Nikampa binti yetu wa mwisho, wa miaka mitano, akanunue ubuyu.

"Hela zote za nyumba hii zimeingia humu," mke wangu alisema, akiligonga sanduku la kushoto kwa kidole. Na alikuwa anazungumzia laki nne na nusu.

Ijumaa nikaita familia sebuleni, nikazima taa, nikaweka Sikinde. Gitaa likatoka safi. Tarumbeta zikatoka safi. Besi haikutoka kabisa. Wimbo ulikuwa mwembamba kama unaimbwa kwenye simu, na ile pumzi ndiyo usiiulize. Sabufa ilikuwa pale pembeni, chini ya kitambaa chake cha kufuma, imenyamaza kwa namna ambayo sikuipenda.

Siku tatu nilihangaika. Nikazisogeza spika mbele, nikazirudisha. Nikalitoa godoro la wageni nikaliegemeza ukutani, maana kuta za tofali na sakafu ya vigae hurusha sauti kama mpira. Nikamlaumu binamu, nikailaumu Norway, nikaulaumu umeme, ambao siku mbili kati ya hizo tatu haukuwepo wa kujitetea. Siku ya nne kijana wa jirani, anayesomea ufundi umeme, alikuja kuazima pampu ya baiskeli. Akachungulia nyuma ya spika.

"Anko, mbona hii nyekundu umeifunga kwenye nyeusi?"

Spika moja ilikuwa inasukuma wakati mwenzake inavuta. Ni kama watu wawili walioshika meza moja, huyu anaipeleka uani, yule anairudisha chumbani: jasho linatoka, meza iko pale pale. Kijana akachukua betri ya rimoti, akaigusisha kwenye waya, koni ya kulia ikaruka mbele. Akagusa ya kushoto vile vile, ikarudi nyuma. Akageuza waya, akachukua pampu, akaenda zake.

Basi besi ikaja, ila haikuja kwangu. Sebule yetu ina urefu wa mita 5 hivi. Wimbi la mitetemo 34 kwa sekunde lina urefu wa mita 10, kwa hiyo linajikunja sawasawa kati ya kuta mbili: kwenye kuta linajaa, katikati ya chumba linakauka. Na kiti changu, kiti cha baba mwenye nyumba, kiko katikati ya chumba. Nilizunguka kutafuta besi nimeinamisha kichwa kama aliyeangusha sindano. Ilikuwa nyuma ya kabati. Ilikuwa jikoni, ambako vikombe vilikuwa vinacheza wenyewe. Lakini ilikojaa hasa, nene na yenye nyama, ni kwenye kona ya mwisho, mlangoni pa choo cha wageni.

Nikaweka kigoda hapo. Huo ndio ukumbi wangu wa dansi mpaka leo. Anayetaka kujisaidia anapiga hodi mara mbili, kwangu kwanza, kwenye mlango baadaye.

Mama mkwe alikuja kutoka Tanga mwezi uliofuata, na kwa kweli yeye ndiye mtu pekee aliyezielewa spika zile. Nilimwekea taarab ya Shakila, enzi za Black Star. Ni rekodi ya mono, sauti ile ile kwenye masanduku yote mawili, na masikio yakiletewa sauti moja kutoka pande mbili huiweka kati. Mama mkwe akatazama pale katikati, palipokuwa na ukuta mtupu, akajitanda vizuri kanga yake. Tangu hapo kila alipotaka kwenda jikoni alizunguka nyuma ya makochi. Hapiti mbele ya mtu anayeimba, hakulelewa hivyo.

Mke wangu aliuliza kwa nini sauti haitoki kwenye masanduku. Nikamweleza.

"Yaani tumenunua mawili," alisema, "ili isikike pale ambapo hatujaweka kitu?"

Sina jibu la swali hilo, wala sijawahi kuliona mahali.

Ulikuwa ni usiku wa tatu wa Shakila, wiki iliyopita, sauti ya mkwaruzo ilipoanza upande wa kushoto. *Zrrr.* Besi ikishuka, *zrrr*. Nilijua papo hapo ni nini, na mwili ukaniingia baridi. Karatasi. Karatasi ikilegea ndani ya sanduku hukwaruza hivyo hivyo. Nikasema ni dari. Nikasema ni vioo vya dirisha. Nikapanda juu ya meza, mbele ya mama mkwe, nikashikilia dari kwa mikono miwili huku wimbo unaendelea, ili ionekane najitahidi. *Zrrr.*

"Fungua uangalie," mke wangu akasema.

Nilimweleza kwamba sanduku likifunguliwa hovyo hesabu za Thiele zinaharibika. Mama mkwe akainua mkono, nikanyamaza.

"Baba, huyu anayemkwaruza Shakila ni nani? Mtoeni."

Mama mkwe akisema mtoeni, unatoa. Tukaliinua sanduku, mimi na kijana wa pampu, tukaliinamisha, tundu likaangalia chini. Ikadondoka sarafu ya mia. Ikafuata ya mia mbili. Kisha zikamwagika, za hamsini, za mia, kifungo cha sare, kijiko cha chai, zikabingirika vigaeni hadi chini ya kabati. Nilipumua kwa mara ya kwanza tangu saa mbili.

"Hizo ni zangu," binti yetu akasema. "Naweka akiba. Mama alisema hela zote zinaingia humo."

Hata mama mkwe alicheka. Nilicheka kuliko wote, nikasema basi limekwisha, turudishe sanduku mahali pake. Lakini mtoto alikuwa anahesabu na uso unabadilika.

"Ya mia tano haijatoka. Ile ya msiba."

Tukalitikisa. Ikasikika ikigonga chuma, mara moja, *ti*, halafu kimya. Kijana wa pampu, ambaye siku moja atakuwa mhandisi na sitahudhuria mahafali yake, akaeleza kwamba imepita karibu na wufa ikanaswa na sumaku, haitatoka kwa kutikiswa, ila si kazi, ni skrubu nane tu.

Mke wangu alikwishaleta bisibisi kutoka jikoni. Alizifungua moja moja, akazipanga kwenye sahani. Akaitoa wufa, akaibandua mia tano kwenye sumaku, akampa mtoto. Kisha akaingiza mkono ndani kuona kama kuna nyingine, katikati ya pamba za mito nilizojaza mwenyewe, mkono ukazama hadi kwenye kiwiko, hadi begani, ukasimama.

Ulitoka na bahasha ya kaki.

Alikwenda kuketi kwenye kiti changu, katikati ya chumba. Mimi nilikuwa nimeshafika kwenye kigoda. Muziki umezimwa, godoro la wageni liko ukutani, mtaa mzima umelala. Sebule ilitulia kama studio. Alizipitia risiti zote bila haraka, kisha akaigeuza bahasha upande wenye mistari miwili. Na kutoka kule mlangoni pa choo, nilimsikia waziwazi akivuta pumzi.