Yah: Kuomba Kujulishwa Mwenye Ng'ombe

Kwa Mheshimiwa Mhusika,
Popote ulipo.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuita Mhusika kwa sababu cheo chako nimekitafuta mwezi mzima bila kukipata. Watu wa barabara waliniambia ng'ombe ni suala la mifugo. Watu wa mifugo wakasema ajali ni suala la polisi. Polisi wakaniuliza ng'ombe ni wa nani, na hilo ndilo swali nililokuwa nimewapelekea wao.

Tukio lenyewe ni fupi. Saa mbili na nusu usiku, nimeshaipita Manyoni naelekea Singida na IST ambayo mkopo wake bado naulipa. Ng'ombe alikuwa amejilaza katikati ya barabara, maana lami hutunza joto la mchana na ng'ombe si mjinga. Rangi yake na ya lami ilikuwa moja. Nilimwona alipoanza kuinuka, miguu ya nyuma kwanza, bila haraka yoyote. Baada ya kumgonga nilitoka garini, nikaita. Kimya. Si mchungaji, si kengele, si hata mbwa.

Robo saa baadaye walikuwepo watu kama ishirini, wote na visu, wengine na ndoo. Sijui ni nani anayetembea na ndoo saa tatu usiku. Trafiki alipofika, kielelezo kilikuwa kimebaki kwato mbili na samadi.

Nafahamu kwamba tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo tangu mwaka 2010, ili kila mnyama ajulikane ni wa nani. Sheria nzuri. Namba iko kwenye hereni, hereni iko sikioni, na sikio ndilo lililotangulia kuondoka.

Kulipokucha ng'ombe alipata wenyewe, tena watatu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa mwenyewe usiku ule, wakati boneti yangu inakunjwa. Wote walimmiliki kuanzia alipokufa. Wakala wangu wa bima naye akanifariji: bima yangu ni ndogo, na bima ndogo hulipa hasara ya mtu mwingine. Huyo mtu mwingine, akasema, ni mwenye ng'ombe.

Nikakimbilia kwa rafiki yangu wakili. Akanieleza kwamba mahakama zetu zilirithi sheria ya mapokeo ya Uingereza kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, kadiri mazingira yetu yanavyoruhusu. Na katika mapokeo hayo, mwenye shamba lililo kando ya njia hakuwa na wajibu wa kuzuia mifugo yake isizurure barabarani. Mwaka 1947 Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya huko Uingereza wakati huo, lilikazia hivyo hivyo, dhidi ya mwendesha baiskeli aliyegongana na farasi usiku. Waingereza wenyewe walichoka, wakaifuta kinga hiyo kwa sheria ya mwaka 1971. Kwa hiyo nauliza, Mheshimiwa: ng'ombe wa Manyoni naye ni raia wa mwaka 1920?

Mchungaji simlaumu sana. Mara nyingi ni mtoto wa miaka kumi na fimbo yake, na majani mabichi kuliko yote kiangazi yako kwenye hifadhi ya barabara, kwa kuwa maji ya lami humwagikia huko. Lakini mwenye ng'ombe mia mbili yuko mjini, naye gari lake lina bima kubwa.

Nimepokea madai ya mmoja wa wale watatu, yamegongwa muhuri. Anataka milioni mbili za ng'ombe na laki sita za ndama, kwa kuwa marehemu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mheshimiwa, nilimmulika kwa taa kamili alipokuwa akiinuka. Alikuwa dume. Hizo milioni mbili tutajadiliana. Za ndama naomba unisaidie kujua nimlipe baba au mama.

Wako mtiifu,
Dereva wa IST.

Nakala: Wenye ng'ombe, wote watatu.