Ndugu yangu, dhahabu iko wapi?

Wanaolaumu simu za mkononi kwa kuleta salamu ndefu zenye mizinga ndani wasome barua za Amarna: mabamba ya udongo zaidi ya 300, yaliyofukuliwa Misri mwaka 1887, ambamo wafalme wa karne ya 14 kabla ya Kristo wanaitana ndugu. Salamu kwanza: mimi sijambo, wewe je? Wake zako? Watoto? Farasi? Magari ya vita? Gari la vita likishajuliwa hali, ndipo dhahabu inapotajwa.

Tushratta wa Mitanni alisubiri sanamu za dhahabu tupu kutoka kwa Farao, akaletewa za mbao zilizopakwa. Burna-Buriash wa Babeli aliitia zawadi yake ya dhahabu tanuruni: zikaingia mina 20, hata 5 hazikutoka. Na alishawahi kununa kwamba aliugua na Farao hakumtumia mtu wa kumpa pole. Akaambiwa Misri ni mbali. Ikabidi amuulize mjumbe wake kama ni kweli.

Ila gwiji ni Kadashman-Enlil, naye wa Babeli. Aliposa binti wa Farao, akajibiwa kwamba tangu zama mabinti wa Misri hawatolewi. Basi, akasema, nitumie mwanamke yeyote mzuri. Nani atasema si binti mfalme? Kisha akarudi kwenye dhahabu: ikifika kiangazi hiki, binti yangu ni wako, ikichelewa, hata ukituma talanta 3,000 nitazirudisha.

Atazirudisha. Mwamini ukitaka.