Jinsi ya Kujiandikisha Kozi ya Sheria na Insia Bila Kutikiswa na Wajomba

Umefika mwaka wa pili wa sheria. Orodha ya kozi za hiari imetoka, na kati ya Sheria ya Kodi na Sheria ya Benki unaiona Sheria na Insia. Ichukue. Hatua ni hizi.

1. Sajili kwanza, mjomba baadaye. Mjomba anakupenda na nauli amekutumia miaka yote, lakini atauliza, "Mwanangu, hiyo kozi ina ajira?" Mjibu kwa adabu: "Ina, mjomba. Wakili anaishi kwa maneno, na huku wanafundisha maneno yanavyomjenga mtu au kumwangamiza."

2. Soma maelezo ya kozi hadi mstari wa mwisho. Tazama inavyopimwa. Ukikuta ni insha, ujue pasipepa haitakuokoa na kukariri hakutakufikisha mbali. Hakikisha ratiba haigongani na kozi za lazima, kisha umwone mshauri wa masomo kabla muda wa kubadili kozi haujaisha. Anayengoja bumu la mkopo ndipo ashughulikie usajili hukuta nafasi zimejaa.

3. Anza na Mabepari wa Venisi. Hii ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, iliyotoka mwaka 1969. Shylock anadai ratili ya nyama ya mdaiwa wake kama mkataba ulivyoandikwa. Portia, aliyevaa kama mwanasheria mwanamume, anamshinda kwa mkataba uleule: nyama imetajwa, damu haikutajwa. Mwanafunzi wa Sheria ya Mikataba atapiga makofi. Usifunge kitabu bado. Shylock, aliyetemewa mate kwa kuwa Myahudi, anatoka mahakamani amelazimishwa kubadili dini. Andika kurasa mbili kuhusu hukumu hiyo, na usikubali kuishia kwenye neno "halali".

4. Weka jalada na tamthilia juu ya meza moja. Novemba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau nchini Kenya, alishtakiwa Nyeri kwa kumiliki bastola, mwili wake ukiwa bado na jeraha la risasi ya kukamatwa. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo walichapisha tamthilia kuhusu kesi hiyo mwaka 1976, wakati kumbukumbu za mahakama zilikuwa hazijulikani zilipo. Zilikuja kuchapishwa kitabuni mwaka 2017. Jalada linauliza kama mshtakiwa alikuwa na silaha. Tamthilia inauliza mahakama ya mkoloni ilipata wapi mamlaka ya kumhukumu mtu anayepigania ardhi yake. Mwanasheria anayejua swali la kwanza tu atashinda kesi nyingi na kutumikia dhuluma bila kujua.

5. Kaa karibu na wanafunzi wa fasihi. Watakuuliza nani anasimulia, anamsimulia nani, na nani amenyimwa nafasi ya kusema. Yaandike maswali hayo daftarini, kwa maana ndiyo utakayoyahitaji siku ya kumhoji shahidi wa upande wa pili. Nawe wafundishe kusoma kifungu cha sheria polepole, koma kwa koma. Mtafaana.

6. Andika insha yako ya mwisho kuhusu mtu, si kifungu. Nenda mahakama ya mwanzo, keti nyuma, sikiliza shauri la mirathi. Angalia mjane anavyoeleza miaka yake ya ndoa, kisha angalia ni mistari mingapi ya maelezo hayo inayoingia kwenye kumbukumbu. Pengo hilo ndilo mada yako.

Tangu mwaka 2021, sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Siku utakapomtetea mjane huyo, ataelewa kila neno utakalosema juu ya maisha yake. Kozi hii inakufundisha kuyasema kwa haki, kwa hiyo jisajili wiki hii.