Pua za Kiboko

Baba mkwe aliitazama runinga yangu mpya kwa dakika nne, akajikohoza, akasema: "Mwanangu, kule kwetu Ruvuma, ukiona pua za kiboko zimekujaa machoni namna hii, ujue umeshachelewa kukimbia." Akainuka, akavaa kandambili zake mlangoni, akavuka uchochoro, akaenda kuketi barazani kwa jirani. Na kutokea huko, kupitia dirisha langu, akaendelea kuitazama runinga yangu.

Hiyo ilikuwa Jumapili. Leo ni Jumanne na bado nikikumbuka masikio yanapata moto.

Mzee huyu amevua maisha yake yote mlangoni mwa mto Ruvuma, upande wa Kilambo, na viboko anawajua kama mimi ninavyowajua wanaonidai. Kwake umbali ni elimu: kiboko wa mita mia ni mandhari, wa mita kumi ni matanga. Mimi niliyekaa darasani miaka kumi na minne niliingia dukani na kipimo kimoja tu mfukoni, cha ukuta. Nilipima ukuta! Kana kwamba ukuta ndio utakaotazama mpira.

Pesa ilikuwa ya korosho, na pesa ya korosho ikiingia benki inawasha viganja. Dukani ile runinga ya inchi 65 ilikuwa imesimamishwa kati ya mbili kubwa kuliko yenyewe, chini ya dari refu kama la ghala. Pale ilionekana mtoto. Nilimgusia kijana wa duka habari ya hamsini na tano, akanitazama kwa huruma. "Mjomba, hamsini na tano utajuta." Tulipoishusha nyumbani, miguu yake ilikuwa imeachana kuzidi upana wa kabati langu, ikabidi niiazimie benchi la madrasa. Ikazima nusu ya dirisha la pembeni. Mke wangu akauliza sisi wengine tutaishi wapi.

Inchi zenyewe ni ujanja wa zamani. Runinga za mwanzo vioo vyake vilikuwa vya duara kama sinia, na sinia hupimwa kwa kipenyo. Kioo kilipoota pembe, watu wa viwandani hawakubadilisha mkono: wakaendelea kupima kwa mshazari, pembe hadi pembe. Kwa hiyo 65 si upana wala si kimo. Upana ni sentimita 144, kimo 81, na eneo la kioo cha chogo langu la zamani la inchi 21 lingeingia humo mara nane na nafasi ikabaki.

Lakini lililoninyima usingizi usiku ule wa Jumapili ni jicho. Nyoosha mkono wako, inua kidole gumba. Upana wake unafunika digrii mbili hivi kati ya zile 360 za duara. Sasa chukua digrii moja, ikate vipande sitini. Jicho zima linaweza kutenganisha kipande kimoja. Chini ya hapo, nukta mbili huungana zikawa moja. Ukifuata hesabu hiyo, nukta ya milimita moja inapotea machoni ukifika umbali wa mita 3 na nusu hivi. Sikuamini. Saa saba za usiku nikatoa mkono nje ya chandarua, nikawa naipima taa ya mtaani kwa kidole gumba, jicho moja nimefumba. Mke wangu akauliza namkonyeza nani.

Runinga yangu ina mistari 2,160 ya nukta kutoka juu hadi chini. Nukta moja haifiki hata nusu milimita, jicho linaimeza tangu mita 1 na robo na kidogo. Mimi nakaa mita 1.9. Salama! Upande wa ukubwa wa picha nako si vibaya sana: mafundi wa sinema hupenda picha ichukue digrii 30 hadi 40 za mtazamo, na kwangu ilikuwa 41 na ushei. Ilibaki kidogo nimpigie baba mkwe simu ya ushindi, ndipo nikakumbuka king'amuzi. King'amuzi changu hakina habari na mistari 2,160. Kinaleta 576, hiyohiyo kiliyokuwa kikilipa lile chogo, na runinga inalazimika kuitandaza kama unga wa chapati nne siku wamekuja wageni kumi. Mstari mmoja unafika milimita 1.4. Ili milimita 1.4 zipotee machoni, unatakiwa ukae karibu mita 5.

Asubuhi nikachukua tepu ya cherehani ya mke wangu. Kutoka kwenye kioo hadi dirishani, mita 2.8. Nikatoka nje, nikavuka uchochoro nikijifanya naokota kitu. Hadi ukingo wa baraza la jirani: mita 4 na sentimita 90.

Jirani yangu, ambaye hata balbu hununua baada ya kunikopa, alikuwa amejengewa nyumba yake mahali ambapo sayansi inasema runinga yangu itazamwe.

Turudi Jumapili. Ilikuwa Simba na Yanga, na nilikuwa nimealika watu wanane kwa kiburi tu. Wa mkekani walikuwa mita moja kutoka kwenye kioo. Mpira ukienda kulia, vichwa vyote kulia, ukirudi kushoto, vyote kushoto, kama watu waliowekwa kati ya mawifi wawili wanaogombana. Wachezaji walikuwa vipande vya rangi vyenye miguu. Mpira wenyewe ulikuwa wa pembe nne. "Mjomba, mpira uko wapi?" akauliza mtoto wa dada yangu, na watu wazima watatu wakamwonyesha sehemu tatu tofauti. Mama mkwe alishika kichwa, akasema anajisikia kama yuko ndani ya dau la kuvukia Msangamkuu siku ya kusi. Baba mkwe akatoa ile kauli yake akaondoka. Baada ya dakika tano shemeji yangu akasema anakwenda kumtazama mzee. Hakurudi. Akafuata mwingine, akafuata mwingine. Huko nje nikasikia vikombe vya kahawa vinagongana na sauti ya jirani ikikaribisha watu kwa ukarimu ambao haukumgharimu kitu. Nikabaki sebuleni na mama mkwe, watu wawili ambao kwa adabu hata sofa moja hatutakiwi kukaa, yeye amejifunika khanga usoni, mimi naangalia pua ya golikipa.

Lakini nijitetee. Bara runinga ilitufikia 1994, wakati Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Sisi wengine tumejifunzia kutazama kwenye chogo la watu, halafu kwenye kibanda umiza: umetoa mia tano yako, umepata benchi la mwisho, shingo imerefuka kama ya korongo, na kioo kiko kule mbele kama dirisha la basi lililokuacha. Umbali hatukuwahi kuuchagua, uliamuliwa na saa uliyofika. Aliyekaa mbele ndiye aliyekuwa mtu. Nilipopata changu, ningekaa nyuma ya nini?

Dakika ya sabini ya mechi umeme ukakatika.

Barazani wakapiga ukelele mmoja, wakanigeukia dirishani kana kwamba nimeuzima mimi. Na hapa nisameheni, kicheko kinanikauka. Gesi ya kufulia umeme inatoka kwetu Mtwara: ile ya Mnazi Bay, pale Msimbati, iligunduliwa mwaka 1982. Inchi za kwanza sisi watu wa Mtwara kubishania hazikuwa za runinga, zilikuwa za bomba: inchi 36, na hizo ni kipenyo cha kweli, hakuna mshazari, kutoka Madimba hadi Kinyerezi, Dar es Salaam. Desemba 2012 watu waliandamana kuuliza watabaki na nini. Mei 2013, baada ya bajeti ya nishati kusomwa bungeni Dodoma, mji uliwaka, watu wakafa, wanajeshi wakaletwa. Bomba likakamilika 2015. Nchi nzima ilitutazama kwenye taarifa ya habari, kutoka mbali, umbali unaofaa kabisa, picha safi. Sisi tuliokuwa karibu tuliziona pua tu. Na Jumapili, miaka yote hiyo baadaye, nilikaa gizani mkononi nimeshika rimoti, nikiwaza gesi inayopita chini ya mikorosho yetu kwenda kuwasha sebule za wenye nafasi.

Umeme ulirudi mechi imeisha.

Jumatatu nilijaribu kuigeuza sebule, mlango wa chumbani ukagoma kufunguka. Mchana fundi alikuja kuitundika ukutani, akatoboa tundu moja, akaona chandarua cha watoto. Jioni nikampigia yule kijana wa duka. Akanishauri nitafute nyumba kubwa.

Usiku huu nimefunga pazia. Hazikupita dakika tano, hodi. Ni binti wa jirani, miaka saba, na shikamoo yake imenyooka.

"Baba anasema pazia lenu limejifunga."

Nikamwambia kweli, limejifunga. Hakuondoka.

"Na babu yupo kwetu. Anauliza taarifa ya habari bado?"

Nikafungua pazia. Nikachukua stuli, nikavuka uchochoro. Baba mkwe akasogea bila kuyatoa macho dirishani, akanipa nafasi na kipande cha kashata. Nikatazama. Mtangazaji alikuwa na nyusi mbili, na kila moja ilikuwa mahali pake.

"Karibu, mwanangu," akasema mzee. "Rimoti umekuja nayo?"